Girnar na Mrima: Milima Miwili ya Ibada

Wanadamu wa kila taifa, tangu zama za kale, wameona vigumu kupita chini ya mlima bila kujiuliza ni nani akaaye juu yake. Wana wa Israeli walikuwa na Sinai. Wakikuyu walipoomba walielekea Kirinyaga. Na sisi watu wa Kikoneni tuna Mrima na Dzombo, vilima viwili visimamavyo upande wetu wa magharibi. Mrima si mrefu, haufiki hata mita 350 kutoka usawa wa bahari. Lakini kwa kuwa nchi iliyouzunguka ni ya mashamba na tambarare, huonekana kutoka mbali ukiwa umevikwa msitu wake mweusi, na mtu ajaye kutoka Msambweni au Lunga Lunga huutambua kabla ya kuviona vijiji.

Habari ninayotaka kuwaeleza wasomaji leo yaanzia mbali, ng'ambo ya bahari, nayo yahusu mlima mwingine, jina lake Girnar. Mlima huo upo Bara Hindi, katika nchi ya Saurashtra ambayo ni sehemu ya jimbo la Gujarat, karibu na mji wa Junagadh. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wa Wahindi waliofungua maduka katika pwani yetu, tangu Vanga hata Lamu, asili yao ni Gujarat na nchi jirani ya Kachchh. Basi kuujua mlima wao ni kuwajua majirani zetu. Ya pili, mlima ule huabudiwa na watu wa dini mbili kwa pamoja, nao wamelazimika kwa karne nyingi kujifunza jambo ambalo sisi nasi twatakiwa kujifunza: namna ya kulinda mahali patakatifu ambapo watu wengi wanapataka, kila mmoja kwa sababu yake.

MABANIANI SI WATU WA DINI MOJA

Watu wa pwani wana desturi ya kuwaita Wahindi wote wasiokuwa Waislamu kwa jina moja tu, yaani Mabaniani. Tena tunayo methali isemayo Baniani mbaya kiatu chake dawa, ambayo mtu huisema akiwa anapokea mkopo wa unga na sukari kutoka kwa yule yule anayemsema. Jina hili moja limetufanya tusione tofauti iliyopo. Miongoni mwao wako Wahindu, na wako Wajaini, na dini zao si moja.

Wahindu ndio wengi. Wao wana miungu inayojulikana kwa majina na sura mbalimbali, kama vile Shiva, Krishna na mama Amba, na vitabu vyao ni vya kale sana. Wajaini ni wachache, lakini ni watu wa biashara na elimu. Hao hawaamini kwamba yuko Muumba mmoja aliyeumba ulimwengu. Wao huwaheshimu walimu 24, wanaoitwa Matirthankara, maana yake watengenezaji wa kivuko, kwa kuwa waliwaonyesha watu mahali pa kuvukia mto wa taabu za dunia. Mwalimu wa mwisho, Mahavira, aliishi zaidi ya miaka 500 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana Yesu.

Amri yao kubwa ni kutodhuru kiumbe chochote chenye uhai. Kwa hiyo Mjaini hali nyama, wala samaki, wala mayai. Na mwenye kushika dini sana hali hata viazi, vitunguu na mizizi mingine, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuuua mmea pamoja na wadudu wa udongoni. Watawa wao wengine huchukua fagio laini ili wafagie mahali kabla ya kukaa, wasije wakamkanyaga chungu. Katika Kenya Wajaini wengi ni wa jamaa ya Oshwal, ambao wazee wao walitoka vijiji vya karibu na Jamnagar mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Msomaji akifika Mombasa, katika Mji wa Kale, ataliona hekalu lao la mawe meupe, lililojengwa mwaka 1963.

NGAZI ELFU KUMI

Girnar ndio mlima mrefu kupita yote ya Gujarat. Kilele chake cha juu chapita mita 1,000. Si kilele kimoja bali ni vingi vilivyofuatana, na juu yake kuna mahekalu tangu kiunoni mwa mlima hata nchani. Mwenye kuhiji hupanda kwa ngazi za mawe ambazo idadi yake husemwa kuwa karibu 10,000. Wenye nguvu huanza kabla ya alfajiri ili jua lisiwakute njiani. Wazee na wagonjwa walizoea kuchukuliwa na wapagazi katika kiti kilichofungwa kwenye miti, na kabla ya kupatana bei mchukuliwa hupimwa kwenye mizani, kwa maana mzigo mzito una malipo yake.

Ngazi hizo zilitengenezwa upya kuanzia mwaka 1889, na jambo la kustaajabisha ni kwamba fedha zake zilipatikana kwa bahati nasibu iliyochezeshwa mjini Junagadh. Mtawala wa Junagadh zamani hizo alikuwa Nawabu, naye alikuwa Mwislamu. Hivyo basi, ngazi za kwendea mahekalu ya Wahindu na Wajaini zilijengwa chini ya utawala wa Mwislamu, na kwa fedha za watu wa kila namna waliotumaini kushinda. Tarehe 24 Oktoba 2020 ilifunguliwa njia mpya ya vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, nayo humfikisha msafiri hadi hekalu la Amba kwa dakika chache tu.

BWANA ARUSI ALIYEGEUKA NJIANI

Kwa Wajaini, Girnar ni mlima wa Neminath, mwalimu wa 22. Kisa chake wanakisimulia hivi. Neminath alikuwa kijana wa ukoo wa kifalme, akaposa binti aliyeitwa Rajul. Siku ya arusi, maandamano yalipokaribia nyumba ya bibi arusi, alisikia vilio vya wanyama. Akauliza, akaambiwa kwamba wanyama wale wamefungwa zizini wakingoja kuchinjwa kwa ajili ya karamu yake. Moyo wake ukaungua. Akasema ndani ya nafsi yake kwamba furaha yake haiwezi kununuliwa kwa roho za viumbe vingi hivyo; akageuza gari lake, akavua mapambo yake, akapanda Girnar kuishi maisha ya utawa mpaka akapata wokovu wake huko. Rajul naye, badala ya kumlaani, alimfuata katika njia ile ile ya utawa.

Hekalu kubwa la Neminath, ambalo ni la karne ya 12, lasimama kwenye uwanda ulio njiani kabla ya vilele, pamoja na mahekalu mengine ya Wajaini. Karibu nalo lipo lile lililojengwa katika karne ya 13 na Vastupala, waziri tajiri ambaye yeye na ndugu yake Tejapala walijenga pia mahekalu mashuhuri ya mlima Abu.

Mwenye kuhiji akipanda zaidi hufika kwenye hekalu la mama Amba, ambalo ni la Wahindu. Hapo maarusi wapya huja kuomba ndoa yao ipate baraka na maisha marefu. Msomaji na atafakari jambo hili: mlima ambao kijana mmoja aliukimbilia siku ya arusi yake ndio mlima ambao maarusi huupanda wakiwa wameshikana mikono. Wala hakuna amwambiaye mwenziwe kwamba amekosea njia.

Zaidi ya hayo, Wajaini husema kwamba Neminath alikuwa binamu yake Krishna, ambaye Wahindu humwabudu. Basi dini hizi mbili huhesabiana udugu hata katika visa vyao vya kale, kama vile makabila yetu yafanyavyo utani kwa kudai kwamba babu zao walikuwa ndugu wa tumbo moja.

NYAYO JUU YA KILELE

Hata hivyo nisimdanganye msomaji kwamba Girnar ni peponi. Ndugu wa nyumba moja hugombana pia. Kwenye kilele kimoja chembamba, kigumu kukipanda, kuna alama za nyayo katika jiwe. Wahindu husema kwamba ni nyayo za Dattatreya, mwalimu wao mkuu. Wajaini husema kwamba ni nyayo za Neminath, na kwamba hapo ndipo alipoiaga dunia. Kwa muda mrefu kila mtu alipanda, akainama mbele ya nyayo zile zile, akataja jina alilofundishwa na wazazi wake, akashuka. Lakini katika miaka ya 2000 ugomvi ulizidi juu ya nani ajenge nini mahali pale, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Gujarat.

Naona ya kuwa ugomvi huo una mafundisho. Nyayo zilikuwapo karne nyingi bila ya kuleta vita, kwa sababu mwenye kupanda alikuja kuabudu, akarudi. Neno lilipobadilika likawa la kumiliki, yaani ukuta wa nani, sanamu ya nani na ufunguo wa nani, ndipo amani ilipopungua. Mahali patakatifu panaweza kuchukua sala za watu wengi sana, bali hati ya kumiliki hupewa mmoja.

FAILI YA SERIKALI ILIYO JUU YA JIWE

Chini ya Girnar, kando ya njia ya kupandia, lipo jiwe kubwa lenye maandishi. Sisi makarani tumezoea kudhani kwamba faili za serikali ni za karatasi na huliwa na mchwa. Jiwe hili ni faili ya serikali ambayo mchwa wameishindwa.

Aliyeandikisha kwanza ni Mfalme Ashoka, yapata miaka 250 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana Yesu. Mfalme huyu alikuwa amepigana vita kubwa katika nchi ya Kalinga, watu wakafa kwa maelfu, naye akajuta. Baada ya hapo akaamuru maagizo yake yachongwe kwenye mawe katika sehemu nyingi za ufalme wake, na kwenye jiwe la Girnar yapo maagizo 14. Katika mojawapo anawaambia raia zake waziheshimu dini zote. Maana ya maneno yake ni hii: mtu auzuiye ulimi wake asiisifu dini yake mno wala asiitukane ya mwenzake bila sababu ameitukuza dini yake mwenyewe, na yule atukanaye ya wenzake kwa kudhani kwamba anaipendelea yake, kwa hakika anaiumiza yake. Ashoka hakusema kwamba dini zote ni moja. Alisema tu kwamba watu wasikilizane.

Mwaka 150 hivi baada ya kuzaliwa kwa Bwana Yesu, mfalme mwingine, Rudradaman, akaongeza maandishi yake kwenye jiwe lilo hilo. Yeye aliandika habari za bwawa la Sudarshana, ambalo lilijengwa tangu siku za babu yake Ashoka ili kuwapatia watu maji. Dhoruba ilikuja ikalibomoa. Rudradaman akalijenga tena, tena akatangaza kwamba kazi hiyo ameifanya kwa fedha za hazina yake bila ya kuwatoza watu kodi mpya wala kuwafanyisha kazi ya shokoa. Miaka 300 baadaye bwawa likavunjika tena, na maandishi ya tatu, ya zama za Mfalme Skandagupta, yanaeleza jinsi lilivyotengenezwa.

Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi ya Ashoka, kwa kuwa herufi zake zilisahauliwa. Mwingereza mmoja, James Prinsep, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kupigia sarafu huko Calcutta, ndiye aliyezifumbua mwaka 1837. Watu walioishi chini ya jiwe walikuwa wamelipita kila siku. Nasi twaweza kuwa hivyo hivyo na vitu vyetu: twavipita kila siku, mpaka mgeni aje atuambie thamani yake.

NGOMA ZA KWETU CHINI YA GIRNAR

Kuna jambo jingine litakalowapendeza wasomaji wa pwani. Katika nchi iyo hiyo ya Junagadh, pembeni mwa msitu wa Gir ambao ndio makao ya simba wa mwisho wa Asia, wako watu wenye asili ya Afrika. Huitwa Masidi. Wazee wao walivuka bahari kwa majahazi katika karne zilizopita. Wengine walipelekwa utumwani, wengine walikwenda kama mabaharia na askari. Wengi wao ni Waislamu na husema Kigujarati. Katika kijiji cha Jambur wanalo kaburi la walii wao, Nagarchi Baba, na mbele yake hupiga ngoma na kucheza. Mchezo huo wanauita goma, neno ambalo kila mtoto wa Kikoneni ataelewa limetoka wapi.

Kwa hiyo bahari haikuleta watu upande mmoja tu. Wagujarati walikuja kwetu na nguo na shanga. Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 waliwakuta wafanya biashara wa Kihindi tayari wapo. Na watu wetu nao walikwenda huko. Hata kaniki, ile nguo nyeusi ambayo wazee wetu wa kaya huiheshimu kuliko suruali yoyote, ilikuwa ikiletwa kutoka Bara Hindi kwa majahazi ya kusi na kaskazi. Nguo tunayoivaa kwenda kwa mababu zetu ilipitia mikononi mwa majirani zetu.

MRIMA: HEKALU LISILO NA UKUTA

Sasa na turudi kwetu. Mgeni akipelekwa Mrima atauliza, hekalu liko wapi? Hataona ukuta, wala kuba, wala sanamu. Ataona miti. Lakini kwa Wadigo, kama kwa Wamijikenda wengine, msitu wa kaya ndio nyumba ya sala. Zamani watu walikaa ndani ya kaya ili wajilinde na maadui. Makao yalikuwa katikati, na msitu mnene ukayazunguka kama boma. Fingo, yaani kinga ya kaya, ilizikwa ardhini. Watu walipotoka kwenda kulima mashamba, kaya zilibaki kuwa mahali pa makaburi, pa kuombea mvua na kuondolea maradhi. Sheria zake zinajulikana: mti haukatwi, kuni hazikusanywi, na hata kijiti kikavu hakitolewi nje.

Hapa napo pana mambo mawili yaliyokutana. Wadigo walio wengi ni Waislamu kwa muda mrefu sasa, na adhana husikika katika kila kijiji kilicho chini ya mlima. Wako wasemao kwamba mambo ya kaya ni ya ujinga, mtu wa dini asiyakaribie. Wako wengine, na baadhi yao ni wazee wa kaya wenyewe, wanaoswali Ijumaa msikitini, na wakati wa ukame huingia msituni na kaniki zao kama walivyofanya babu zao. Wakristo nao wapo kati yetu, na kila mtu ana maoni yake. Lakini nimeona kwamba hata yule asemaye kuwa haamini mambo ya kaya hachukui shoka akaenda kukata mti Mrima. Heshima imewakusanya watu ambao imani haikuwakusanya.

Serikali nayo imeitambua heshima hiyo. Msitu wa Mrima ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1961, na baadaye ukahesabiwa miongoni mwa mahali pa kumbukumbu za taifa. Kuanzia mwaka 1992 kaya nyingi za pwani zilianza kutangazwa hivyo hivyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziandika baadhi ya kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na mojawapo ni Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani. Mrima haukuwamo katika orodha hiyo.

UTAJIRI ULIO CHINI YA MIZIZI

Lakini Mrima una jambo ambalo Girnar hauna. Chini ya miti yake kuna madini. Wataalamu wa miamba waliuchunguza sana katika miaka ya 1950, wakakuta niobiamu, ambayo huchanganywa na chuma ili kiwe imara zaidi, pamoja na yale yanayoitwa madini adimu, ambayo hutumika katika sumaku za injini za umeme na mitambo mingine ya siku hizi. Kuna na thoriamu, na kwa ajili hiyo udongo wa mlima una mnururisho wa asili ulio mkubwa kuliko wa mahali pengi.

Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba Mrima, na ikatangaza kwamba madini adimu yaliyomo yana thamani ya dola za Marekani zaidi ya bilioni 60. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo serikali ikaifuta leseni hiyo. Kampuni ikashitaki katika mahakama za Kenya, kisha ikalipeleka shauri mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi wa mambo ya rasilmali. Mwaka 2018 baraza hilo likaamua kwamba kampuni haina haki ya kulipwa, kwa kuwa leseni ilitolewa bila ya kutimiza sheria za kuhifadhi mazingira na misitu. Huo haukuwa mwisho wa habari. Mwaka 2025 makampuni ya kutoka Australia nayo yalitangaza kwamba yanautamani mlima huo.

Msomaji asidhani kwamba hili ni shauri jepesi. Vijana wetu wanataka kazi. Karibu nasi, kule Nguluku na Maumba, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa madini. Shehena ya kwanza ilisafiri mwaka 2014, na uchimbaji ukafika mwisho wake Desemba 2024. Watu walipata mishahara kwa muda wa miaka kumi hivi, na pia familia zilihamishwa ili kazi ifanyike. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeagiza kwamba katika ushuru wa madini serikali kuu ipate asilimia 70, kaunti ipate 20, na wenyeji wapate 10. Mzee anayesema mlima usiguswe hana budi kumjibu mjukuu wake anayeuliza atakula nini. Na mjukuu anayesema mlima uchimbwe hana budi kumjibu mzee anayeuliza watazikwa wapi, na mvua wataiomba wapi, baada ya madini kwisha.

TUFANYE NINI?

Sina mamlaka ya kutoa hukumu, lakini nitataja mambo matatu ambayo habari za Girnar zimenifundisha.

La kwanza ni kuandika. Ashoka na Rudradaman walichonga maneno yao kwenye jiwe, na leo twajua walichoahidi. Mambo ya Mrima yako vifuani mwa wazee wachache, na kila mwaka twawazika. Mipaka ya mahali pa ibada, njia za kuingilia, majina ya miti na dawa, haya yaandikwe na watoto wetu waliosoma, kwa ruhusa ya wazee, na siri zibaki kuwa siri. Neno lililoandikwa hupata kiti mahakamani, na lisiloandikwa hubaki nje ya mlango.

La pili ni kusikilizana kabla ya mgeni kufika. Wahindu na Wajaini wa Girnar waliishi vizuri walipokuwa wakipokezana njia, na walifika mahakamani walipoanza kugombea kilele. Sisi tukigawanyika, wa msikiti upande mmoja, wa kaya upande mwingine na vijana upande wa tatu, basi yeyote mwenye mkoba wa fedha atatununua kipande kipande. Wazee wa kaya, mashekhe, wachungaji, kina mama wauza mazao na vijana wakae baraza moja hapa Kikoneni, wakubaliane neno moja la kumwambia serikali na kampuni.

La tatu ni kuufanya mlima utoe riziki bila ya kuvunjwa. Girnar umewalisha wapagazi, wauza chai na wauza maua kwa vizazi vingi. Njia ya kamba ilipojengwa, wapagazi ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza watakula wapi, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu, Kaya Kinondo imepokea wageni tangu mwaka 2001: mgeni hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, haruhusiwi kutoa hata jani, na sehemu ya fedha hurudi kwa wanakijiji. Fedha hizo ni chache zikilinganishwa na mabilioni ya madini. Lakini hazina siku ya mwisho kama ule mwezi wa Desemba.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mimi naongeza kwamba aishikaye asili bila ya kuwafikiria watoto wake atawapoteza wote wawili, asili na watoto. Mkutano wa wazee na vijana ukiitishwa, ndugu zangu wa Kikoneni, Mwangulu, Mrima na vijiji vyote vya chini ya mlima, tusiache viti vitupu. Aliyekaa nyumbani siku ile asije akalalamika siku ambayo barabara ya magari makubwa itafunguliwa, au siku ambayo haitafunguliwa.